Chini ya Darasa la Nne

Wewe ulipita pale. Usikatae. Uliona lundo la udongo mwekundu nyuma ya darasa, refu kuliko mtu, ukaona ua wa matete umezunguka choo ambacho hakiishi kuchimbwa, ukamgeukia mwenzako ukamuuliza kwenu mahindi yameotaje. Mwaka jana, wa sitini na nne, mvua ilikuwa nyingi na habari za mahindi hazikuisha. Basi leo usigeuke. Sikiliza mpaka mwisho.

Wa kwanza kugeuza uso, tuseme kweli, alikuwa hedimasta mwenyewe.

Phineas Ambetsa aliiongoza shule ile ya mlimani, njia ya kwenda Malinya. Mtu mrefu, mkavu, wa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likichoma. Novemba ya mwaka wa sitini na tatu, majuma machache kabla ya bendera kubadilishwa, shule ilihitaji choo kipya na uwanja uliosawazishwa, watoto wapate pa kuandamana. Shemeji yake Lazarus, kaka wa mkewe Risper, akajitolea kuchimba choo, udongo akaumwaga uwanjani. Kila Jumamosi alichimba, na kila Jumatatu uwanja ulikuwa umepanda. Korongo la upande wa chini likajaa pomoni. Siku ya Uhuru watoto walitembea juu yake kama juu ya meza, na diwani Bramwel, mwenyekiti wa kamati ya shule, akauinua mkono wa Lazarus mbele ya umati: "Huyu ndiye mjenga taifa!" Phineas akaandika shukrani katika kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri.

Naye alikuwa mwalimu wa hesabu! Alijua shimo la choo la futi ishirini halijazi korongo. Hesabu hiyo hakuipiga. Krismasi ikaja, shemeji akamletea mabati mapya, nyumba ikaezekwa, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Risper hakutega sufuria chini ya matone. Nani angeuliza? Wewe ungeuliza?

Mwezi wa tano, asubuhi moja, Phineas alikuwa mbele ya darasa la nne akiandika ubaoni. Akasikia: ko, ko, ko. Haikutoka ukutani. Ilitoka chini ya nyayo zake. Kabla hajageuka, watoto arobaini wakajibu kwa visigino: ko, ko, ko. Kisha kicheko.

"Nani huyo?"

Chemutai wa dawati la mbele, binti wa askari polisi, akasimama. "Ni Lazarus, Mwalimu. Tunamsalimianga."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe, Mwalimu. Anabisha, tunajibu. Siku akiwa na furaha anabishanga mara mbili."

Darasa likacheka tena. Phineas aliiweka chaki polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka, akatoka, akazunguka nyuma ya ua wa matete. Choo kile hakikuwa na sakafu, wala mlango, wala harufu. Kilikuwa na ngazi.

Lazarus akapanda juu, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, meno yote nje.

"Shemeji! Karibu chooni."

"Choo gani hiki kinachoingia chini ya darasa la nne?"

"Kinafuata jiwe jeupe. Jiwe likipinda, nami napinda. Dhahabu haijui darasa."

"Watoto arobaini wako juu ya kichwa chako, Lazarus."

"Si nawasikia! Kuna mmoja wa pembeni ana kisigino kizito, mpe ngoma huyo." Kisha tabasamu likamtoka. "Mzungu alichimba shamba la babu yangu, akachimbua mpaka makaburi. Ulikuwepo, ukaona. Hakuna aliyemuuliza. Leo nachimba mimi, ndipo umepata mdomo?"

"Mzungu hakuchimba chini ya watoto wa shule."

"Watoto wa shule gani? Alikuwa ametujengea?"

Neno hilo lilimchoma Phineas kwa sababu lilikuwa kweli. Wazungu walikuja hapa miaka ya thelathini na karai zao za kuchekechea dhahabu, wakaahidi kila shimo litafukiwa, wakaondoka na kilichokuwa ndani, wakatuachia mashimo. Ng'ombe wanatumbukia humo mpaka leo. Hayo hayasahauliki. Lakini uchungu wa mtu, hata uwe wa haki namna gani, haubebi sakafu.

Akaenda kwa diwani. Bramwel alimsikiliza akichokoa meno, akamwambia wakati wa kuwasumbua wananchi wanaojitafutia riziki uliondoka na bendera ya zamani. Kupitia dirishani Phineas aliona wanawake wawili nyuma ya nyumba ya diwani, wamepiga magoti, wanaponda mawe meupe. Hakuuliza zaidi. Akamwandikia afisa wa elimu mjini Kakamega. Jibu lilikuja, mstari mmoja na nusu: ukaguzi utafanyika mvua ikipungua, hadi hapo, darasa lolote lisihamishwe. Wazee walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia tufanyeje ufa ukiwa na kibali cha wakubwa.

Nyumbani, Risper aliacha kumwita Baba Jescah. Alimwita Mwalimu, kama mgeni anavyomwita.

"Mwalimu, ukienda polisi kumshtaki ndugu yangu, hii paa unayolala chini yake utawapelekea pia?"

Usiku na mchana mvua iliyapiga yale mabati, na hakuna tone lililoingia.

Jumapili baada ya ibada, Navalayo alikuja. Huyu ni mama yao Risper na Lazarus. Na unajua desturi: mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani. Hiyo ndiyo heshima. Katika miaka kumi na minne ya ndoa Phineas hakuwahi kuuona vizuri uso wa mama huyu, wala yeye hakuwahi kukanyaga boma lake. Siku hiyo alisimama kando ya zizi, leso imefunika kichwa, mgongo umeelekea nyumba. Phineas akatoka, naye akageuka. Wakaongea mgongo kwa mgongo.

"Mulembe, baba."

"Mulembe, mama."

"Mimi nina mtoto mmoja wa kiume."

"Najua, mama."

"Wewe na mimi tunajua kugeuza uso. Tumegeuza miaka yote hii na hakuna aliyekosa heshima. Geuza mara hii moja tu, mpaka mvua iishe. Anasema jiwe linakaribia mwisho."



"Mama, wewe unageuza kwa heshima. Mimi nimegeuza tangu Novemba, na haikuwa heshima."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu nyuma yake.

"Basi mtoe wewe huko chini. Mimi hanisikii."

Jioni hiyo Risper alimshika mtoto wao Jescah mkono, wakaondoka na bibi yake. Phineas akabaki na mabati.

Jumatatu alilitoa darasa la nne nje, agizo au hakuna agizo. Watoto waliketi uwanjani, juu ya udongo ule ule, majani ya migomba kichwani, wakasoma kwa sauti wakishindana na manyunyu. Lazarus alipanda kutoka shimoni akawatazama, akacheka, akashuka tena.

Jumatano diwani Bramwel alileta barua mwenyewe, viatu vimejaa tope. Hedimasta amesimamishwa kazi kwa kukaidi agizo na kuvuruga masomo.

"Watoto, ndani!" diwani akaamuru.

Phineas akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo.

"Toka mlangoni, Mwalimu. Wewe si hedimasta tena."

"Sawa. Basi nimesimama kama mzazi."

Watoto walikwama katikati, maji yakiwachuruzika, hawajui wamtii nani. Hapo ndipo sakafu ilipoondoka nyuma ya Phineas. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa kama gunia la mahindi likitupwa ghalani. Madawati yakazama, ubao ukafuata, kisha ukuta wa nyuma ukalala juu ya hayo yote. Yeye alijikuta nje, kwa magoti. Akahesabu watoto. Arobaini. Akahesabu tena.

Kisha, chini: ko, ko, ko.

Wanaume walikuja mbio, wakasimama mbali, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inanywea. Diwani aliteremka mlima upesi kutafuta msaada, na msaada huo lazima uko mbali sana, maana hajarudi nao hadi leo. Phineas alichimba kwa jembe, jembe likavunjika mpini, akachimba kwa mikono. Mtu akapiga magoti mbele yake akaanza kuchimba pia. Phineas akainua macho. Ulikuwa uso wa Risper, uliozeeka. Ulikuwa uso wa Navalayo, na haukugeuka.

"Chimba, mwanangu."

Chini kukabishwa tena, taratibu zaidi. Chemutai akapiga kisigino mara tatu. Wakajiunga wote arobaini, miguu mitupu ndani ya tope, wakijibu, ili yule wa chini ajue hajaachwa. Walijibu kwa muda mrefu. Ikafika mahali wakawa wanabisha wao peke yao.

Lazarus alitolewa saa nane mchana, amekufa.

Afisa aliandika kwamba chanzo ni mvua. Mazishini watu walinong'ona kwamba hedimasta ndiye aliyemroga. Navalayo alivuka umati wote, akasimama mbele ya mkwe wake, akamtazama machoni kila mtu akiona, na minong'ono ikakatika. Kazi hakurudishiwa. Risper alipokuja kuchukua nguo alimkuta juu ya nyumba aking'oa misumari.

"Unafanya nini?"

"Nayarudisha."

Risper akaja akamshikia ngazi.

Mabati yale yamefunika mdomo wa shimo, nayo yameanza kushika kutu. Lakini jiwe jeupe halikuishia darasa la nne. Linapita chini ya darasa la tano, na njia aliyoichimba Lazarus inapita nalo. Na waliokuwa la nne mwaka jana, hebu piga hesabu aliyokataa kuipiga Phineas: sasa wako darasa gani? Jumatatu wataingia, Chemutai mbele, wataketi.

Kila Jumamosi mwalimu asiye na shule na mama mkwe wake wanajaza shimo lile, uso kwa uso, karai moja moja. Ni wawili. Shimo ni refu. Wewe una jembe, una karai, na udongo mlima huu haujaukosa. Usilete pole, pole haijazi shimo. Leo ni Jumamosi. Inuka, chukua jembe, panda.