Patasi Iliyonolewa Kama Wembe

Kinyozi alikuwa na mikono mizuri, na hiyo mikono ndiyo iliyomponza. Ilikuwa laini na mikavu, kucha zimekatwa sawasawa, na mteja akishaegemea kiti chake cha kunyolea husinzia kabla shavu la kwanza halijaisha. Lakini siku alipokwenda kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake, mama yule aliishika mikono yake, akaigeuza viganja juu kama anayechagua nyanya sokoni, akaguna.

"Hii haijawahi hata kuchomwa na kibanzi," akasema.

Mama huyo alikuwa seremala. Si mke wa seremala, wala si mjane aliyerithi nyundo. Alikuwa seremala mwenyewe, aliyeanza kupiga randa tangu usichana wake, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Binti yake naye alikuwa seremala, maana maji hufuata mkondo, na watu walimpa jina la Milimita kwa sababu ya ubishi wake wa vipimo. Mwambie mlango umekaa sawa kwa macho, atakujibu kuwa macho yako si rula.

Huyo Milimita ndiye aliyempenda kinyozi, na kinyozi alimpenda mpaka akawa anakata watu nywele huku akitabasamu peke yake, jambo lisilomfurahisha mteja yeyote mwenye kisogo.

"Sina neno na wewe, baba," Mama Fundi alimwambia siku ile. "Una adabu na unanukia vizuri. Lakini nimewaona mafundi wa kike wakiolewa. Mwezi wa kwanza mume anasema, pumzika mke wangu. Wa pili anasema, watu watanionaje. Wa tatu randa inauzwa. Njoo ushinde na sisi karakana. Sikuulizi maswali. Nitakuangalia tu, halafu nitajua kama nipokee posa au nikuombe uishie hapo."

Basi kinyozi akaenda, amevaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi mpaka ikasimama mstari. Milimita alipomwona mlangoni alifunika mdomo asicheke. Akamkunjia mikono ya ovaroli juu ya viwiko, akamvua saa.

"Mashine haijui kama wewe ni mgeni," akamwambia. "Ikishika kitambaa, inavuta na mwenyewe."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha upande mmoja. Kwenye ukuta kila chombo kilikuwa na msumari wake: misumeno kwa ukubwa, bisibisi, tupa za kulainishia chuma, koleo, pima maji, na patasi kuanzia nyembamba kama kidole cha mtoto hadi pana ya kuogofya. Randa zilikaa rafu ya chini, kila moja imelazwa ubavu. Kinyozi alitaka kusaidia, akaisimamisha moja ikae vizuri kwa tumbo lake.

"Ilaze," Mama Fundi akasema bila kugeuka. "Makali yako chini ya tumbo. Ukiikalisha, inatafuna rafu."

Kinyozi akailaza. Moyoni alijipongeza kwamba hajavunja kitu bado.

Siku ile walikuwa wanatengeneza mlango wa mbao ngumu, na ndipo kinyozi alipogundua kwamba hakuwa anamjua mchumba wake. Alimjua Milimita wa jioni, wa vicheko na maneno mengi. Huyu wa karakana alikuwa mtu mwingine, mkimya, mwenye macho yaliyotulia. Alipoinua ubao alifumba jicho moja, akautazama urefu wake kama anayechungulia tundu la ufunguo, akajua umepinda wapi. Akaupeleka kwenye msumeno wa umeme, ule wa duara unaolia hadi meno yako yanasisimka, akaupitisha polepole, akiusukuma na kipande cha mti badala ya vidole. Kabla ya kubadilisha diski alichomoa plagi ukutani na kuiweka mezani mbele ya macho yake, ingawa swichi ilikuwa imeshazimwa.

"Si umezima?" kinyozi akauliza.

"Nimezima. Mwingine anaweza kuwasha. Plagi ikiwa hapa ninaiona, hakuna wa kuwasha."

Kinyozi alipenda jibu hilo kuliko alivyoweza kusema. Yeye pia alikuwa mtu wa kuchemsha mikasi yake hata pale mteja anapolalamika kwamba anachelewa.

Baada ya kupigwa randa ya umeme, ubao ulitoka umenyooka. Lakini Milimita hakuridhika. Akachukua randa ya mkono, akapita juu yake mara chache, na maranda yakatoka marefu na membamba, yakajikunja na kuanguka miguuni pake. "Ya umeme inakimbia na kazi," akaeleza. "Ya mkono inaimalizia." Kisha akaibana mbao kwenye jiriwa, akachukua drili na kutoboa matundu yaliyofuatana pale ambapo ulimi wa ubao wa pili ungeingia. Matundu yalikuwa mviringo, kwa kuwa drili haijui kitu kingine, na ulimi ulikuwa na pembe. Hapo ndipo kazi ya patasi inapoanzia. Milimita akaishusha patasi pana ya mama yake, akaigonga kwa nyundo ya mti, tok, tok, na pembe zikachongeka moja baada ya nyingine. Kinyozi alisimama pale mdomo wazi. Alijiambia kwamba mtu atakayemtoa mwanamke huyu kwenye kazi hii atakuwa ameiba, na aliona haya kwamba kuna watu waliomdhania kuwa ndiye mwizi mwenyewe.

Mchana Mama Fundi akatoka kwenda kupima madirisha ya mteja. Milimita akavaa vizuizi vya masikio, akarudi kwenye randa ya umeme na kumpa kinyozi mgongo. Kinyozi akabaki na patasi ile mezani.

Sasa, kinyozi na makali hawapitani hivihivi. Akaichukua, akaipitishia dole gumba kwa tahadhari. Kwa mkono wa seremala makali yale yalikuwa tayari kwa kazi. Kwa mkono wa kinyozi yalikuwa butu la kusikitisha. Akaona jiwe la kunolea kando, akaona kopo la mafuta, akaona nafasi ya kumfurahisha mama mkwe. Tamaa mbele, mauti nyuma, wenye lugha walishasema, ila yeye siku hiyo hakuikumbuka methali hata moja.

Akailaza patasi kwenye jiwe chini kabisa, kama alivyozoea kuulaza wembe, akaanza kusugua kwa raha. Alinoa mpaka mteremko wa makali ukawa mrefu na mwembamba. Akamalizia kwa kuipiga kwenye mkanda wake wa ngozi. Kisha akaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, na malaika yakanyoleka yote ilipopita, ngozi ikabaki laini kama ya kitoto. Alitabasamu. Patasi ile ingeweza kumnyoa bwana harusi.

Akatafuta pembe moja ambayo haijachongwa, akaweka makali, akagonga kwa nyundo ya mti mara moja tu. Sauti iliyotoka haikuwa tok. Alipoiinua, makali yalikuwa yamemong'onyoka, na katikati kulikuwa na pengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Milimita alikuwa amezima mashine na kugeuka. Akaitazama patasi, akamtazama yeye, uso ukamsawijika.

"Hiyo ni patasi yake ya tangu ujana," akasema kwa sauti ndogo. "Sikiliza. Nitasema ni mimi. Nitasema nilikutana na msumari ndani ya mbao. Mimi atanigombeza tu, wewe atakufukuza."

Alikuwa anampenda, na kuhusu kufukuzwa alikuwa anasema kweli. Kinyozi alijua wazi kwamba posa yake inaning'inia kwenye pengo lile dogo. Uongo ulikuwa umeandaliwa tayari, kilichobaki ni kuukubali. Lakini akaona jinsi Milimita alivyokuwa ameishika patasi kwa mikono miwili, fundi ambaye hajawahi kukutana na msumari bila kuuona kwanza, akijiandaa kubeba aibu isiyokuwa yake.

"Usinichongee ngao ya uongo," akamwambia. "Kazi yako nzuri. Usiisingizie."

Mama Fundi aliporudi, kinyozi alimpokea mlangoni na patasi mkononi. "Mama, nimeiharibu. Niliinoa ili nikufurahishe, nikaigonga ikamong'onyoka. Binti yako hahusiki."

Mama Fundi akaipokea, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaona mkono wa kinyozi uliokuwa umenyolewa nusu.

"Umeinoa kwa ajili ya ndevu," akasema hatimaye. "Wembe unakutana na unywele unaolala. Patasi inakutana na mti unaojibu. Makali yakiwa membamba hivi hayana mgongo wa kuyashikilia." Akamrudishia. "Itengeneze."

"Sijui, mama."

"Najua hujui."

Kinyozi hakumwomba yeye. Aligeuka kwa Milimita. "Nifundishe," akasema.

Milimita akamvalisha miwani ya kukinga cheche, akawasha mashine yenye jiwe linalozunguka, akasimama begani pake. Hakumbembeleza hata kidogo. "Usikandamize! Gusa, ondoa, chovya kwenye maji. Chuma kikigeuka bluu kimeshakufa, huwezi kukifufua. Nimesema usikandamize, wewe! Inua mkono wa nyuma. Mteremko mfupi, unene ubaki."

Katikati ya somo, mteja wake mmoja wa saluni alipita barabarani, akasimama mlangoni na kuangua kicheko. "Kinyozi! Yaani unakaripiwa na mchumba wako namna hiyo, hata hamjaoana?"

Mama Fundi, aliyekuwa anajifanya anapanga misumari, akaacha kupanga.

"Ndiyo, na nilichelewa kuanza," kinyozi akajibu, macho yakiwa kwenye cheche. "Tena usinisemeshe, utaniunguzia chuma." Kisha akamwambia Milimita, "Hapo sawa?"

"Bado. Rudia."

Akarudia. Aligusa, akaondoa, akachovya, mpaka pengo likaisha. Wakahamia kwenye jiwe la mafuta, Milimita akamwekea vidole juu ya vidole vyake kumwonyesha pembe ya kunolea, na kinyozi akanoa polepole kama mtu anayejifunza kuandika. Walipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, na kwenye dole gumba lake laini kulikuwa na lengelenge.

Mama Fundi akaichukua patasi. Hakuijaribu kwenye mkono wa mtu. Akaiweka kwenye pembe ya mwisho ya mlango, akagonga, tok, na kipande cha mti kikaruka safi.

"Imekuwa fupi," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Nilipoinunua ilikuwa ndefu kuliko kiganja changu. Mimi nimeila, huyu mwanangu ameila, leo na wewe umeila. Chombo kisichopungua hakijafanya kazi." Akaitundika kwenye msumari wake, akafuta mikono kwa aproni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamtazama kinyozi usoni muda mrefu. Sauti yake ikalegea. "Niliogopa utaninyang'anya fundi wangu. Kumbe yeye ndiye kanipatia mwanafunzi. Waambie wazee wako waje, mwanangu."

Kinyozi akamwinamia kwa shukrani. Nyuma yake drili ililia ghafla kwa nguvu zake zote. Alipogeuka alimwona Milimita ameishika kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, anatoboa hewa.