Picha Isiyo na Mtu

Mama Eliana aliponda kokoto kando ya Ziwa Singidani, chini ya majabali, na kila akiona kamera aliweka nyundo chini, akajifunga kanga upya, akasimama wima. Adabu tu. Singida picha ni ya mtu: ukipigwa unasimama, hucheki, halafu unauliza kama umependeza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mwekezaji mmoja, aliyetaka kujenga hoteli pale ziwani, akaagiza picha ya kalenda: maji, mawe, ndege heroe, mtu asiwepo. Mzee Abdulhamidi, mwenye studio karibu na stendi, alicheka. Nani analipia picha isiyo na mtu? Alipomwona anayelipa akaacha kucheka. Magoti yake hayakuweza kupanda majabali, hivyo akamfundisha Eliana, msaidizi wake pale studio, na kumwahidi kamera iwe yake kalenda ikikubaliwa.

"Mandhari yanataka subira," alimwambia. "Ngoja jua lishuke. Na huyo mama mtoe."

"Ni mama yangu, mzee."

"Basi mtoe kwa heshima."

Eliana akasogea kushoto kidogo, akapiga. Picha iliposafishwa, ukingo wake ulikuwa umeukata mguu wa kulia wa mama, na nyumbani mguu wenyewe nao haukuwepo. Hapakuwa na kidonda. Mama alikuwa amekaa jikoni akichambua mlenda.

"Eliana, umenikata mguu."

"Pole, mama. Bado najifunza."

"Jifunze basi."

Kuponda kokoto ni kazi ya kukaa, kwa hiyo hakukosa siku. Mwekezaji aliikataa picha: kuna bibi pembeni. Eliana akarudi, mama akasimama tena kwa mguu mmoja, ameegemea jiwe, na safari hii ukaenda mkono wa kushoto. Majirani walikuja kumpa pole, wakanywa chai, wakaondoka. Picha ikakataliwa tena.

"Mama, kesho kaa nyumbani," Eliana alimsihi.

"Nikiondoka pale watasema hapana mwenyewe."

"Basi usisimame. Jifiche nyuma ya jiwe."

"Mwanangu ndiye anapiga, nisisimame?"

Eliana alilia njia nzima kwenda ziwani, kamera ameikumbatia kama mtoto mchanga. Aliipenda, tusidanganyane. Jua lilishuka vizuri, heroe wakatulia, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mama akajifunga kanga kwa mkono uliobaki, akasimama. Eliana akasogeza kamera hatua moja kushoto. Kwenye tundu la kamera hapakuwa na mtu. Akapiga.

Mzee Abdulhamidi alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile, na kamera akampa. Kalenda ilitundikwa ofisi zote za mjini. Ufuko wa ziwa ukazungushiwa seng'enge, kwa kuwa, kama picha ilivyoonyesha, hapakuwa na mwenyewe. Nyundo iliendelea kugonga chini ya majabali na rundo la kokoto likakua kila siku. Lori la hoteli lilikuja kupakia. Mwanzoni dereva aliangaza angaza kutafuta wa kumlipa, hakuona mtu. Baadaye akaacha hata kuangaza.

Eliana alipenya seng'enge na kalenda mkononi, akaikunjua kuelekea nyundo inakogonga. "Shikamoo, mama."

Nyundo ikanyamaza.

"Marahaba. Nimependeza?"

Eliana aliyatazama maji, mawe, heroe.

"Umependeza, mama."

"Haya," mama akasema, na nyundo ikaendelea.