Waya Zote Nyeusi

Mama mkwe wangu, Mbeyu, aliliosha boti la marehemu kwa sabuni ya unga. Sitanii. Siku ya kuanua matanga alisema hakuna kitu cha mwanawe kitakachobaki na uchafu wa msiba, basi yeye na wanawake wa ukoo wakafua mashuka, wakasugua kuta, na walipomaliza nyumba wakashuka mtoni na ndoo. Walizitoa betri zote mbili ndani ya sanduku lake ili walisugue vizuri. Waya zilikuwa zimefungwa vitambaa vichakavu. Wakavifungua, wakavitupa.

Mimi nilikuwa ndani, nimekalishwa mkekani kama mzigo unaongoja gari. Sikuwa nimelia. Watu walinitazama usoni, kisha wakatazamana wao kwa wao. Mume wangu Garama alikuwa amekwenda Mambrui kununua mkate, presha ikamwangusha dukani, na tangu nilipopewa habari nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Nilikula nilipopewa. Nililala nilipoambiwa.

Kwa boti hilo tulikuwa tukiwapeleka wageni kwenye mlango wa mto Sabaki kutazama heroe. Lina mota ya umeme, kwa sababu injini ya petroli hufukuza ndege. Garama alikaa nyuma akishika mota. Mimi nilikaa mbele, mgongo wangu kwake, nikitafuta ndege. Nikinyanyua mkono, anaondoa boti. Na kila mgeni alisomewa sheria zile zile: vua viatu, usiongee, utafukuza ndege.

Sasa wazee wa ukoo walikuwa wameamua. Boti likitembea kufikia Ijumaa, ni langu. Lisipotembea, Charo, mdogo wake Garama, alichukue, ang'oe mota na kuweka injini ya petroli abebee wavuvi. Niliusikia uamuzi huo nikaitikia kwa kichwa. Nilijua kwamba nalitaka boti lile, lakini ule utashi wenyewe nilipoutafuta moyoni sikuuona.

Ijumaa asubuhi nilimkuta Charo amenitangulia, macho mekundu. Jamaa huyu machozi yake hayako mbali. Alinililia hata sehemu yangu.

"Pole, shemeji."

"Nishapoa. Umegusa nini?"

"Nimeziunga betri, lakini mota yazunguka kwa kujivuta. Naona imekwisha hii."

Charo huendesha tuktuk Malindi mjini. Alikuwa ameunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, vile wanavyoazimana moto stendi, betri ya mwenzao ikizima.

"Hii si tuktuk, Charo. Mota hii yataka betri mbili zifuatane. Ukiziunga hivi inapata nguvu ya moja."

"Wewe wajuaje?"

"Nafunga sola Magarini tangu hujaota ndevu."

Na bado marehemu hakutaka niguse waya za boti lake. Niachie kimoja kiwe changu, alikuwa akisema. Mkaidi. Alinunua roli moja ya waya nyeusi tupu akafungia boti zima, na mtu mwenye akili hununua nyeusi na nyekundu. Ndiyo maana alihitaji vitambaa: penye kitambaa ndipo chanya. Sasa vitambaa vilikuwa jaani, na mbele yangu ncha nyeusi zisizo na tofauti yoyote.

Nikachukua kipande kifupi, nikaunga chanya ya betri ya kwanza na hasi ya pili. Zikabaki ncha mbili za kwenda kwenye mota. Nikajaribu. Maji yakarushwa upande wa mbele, boti likavuta kamba kinyumenyume. Nikabadilisha ncha. Likavuta mbele, kwa nguvu zote, halafu kimya.

Charo akashusha pumzi, sijui kwa huzuni au kwa nafuu. Sikumtazama.

Nina balbu ndogo yenye waya mbili, ndiyo kipimo changu. Kwenye betri iliwaka vizuri. Kwenye mota haikuwaka. Basi ugonjwa ulikuwa njiani. Nikaziinua mbao za sakafu moja moja nikiifuata waya, mpaka nikafika kwenye kiungo kilichozungushiwa kitambaa. Sabuni ya Mbeyu haikuwa imefika huko.

Kitambaa kile nilikijua. Maua ya zambarau, pindo jeusi. Ni leso yangu niliyoipenda, ambayo siku moja niliikuta imekatwa kona nikapiga kelele nyumba nzima, na Garama akanitazama machoni akasema ni panya. Nilitega mtego. Nilimtukana hadi paka wa jirani kwa uvivu wake.

"Panya," nikasema.

"Wapi?" Charo akaruka.

"Keshakwenda."

Ndani ya kitambaa shaba ilikuwa imeliwa na chumvi, kijani kitupu. Nikaikata, nikaipara mpaka ikang'aa, nikaiunga upya na kuizungushia tepu. Kisha nikachana kona ya leso niliyojifunga, nikaikata vipande, nikafunga kwenye kila chanya. Nikawasha. Mota ikaitika, na safari hii haikunyamaza. Nikaizima, nikafungua kamba, nikapanda.

Nikakaa. Nikatazama mlango wa mto, nikanyanyua mkono.

Boti halikwenda. Nikaushikilia mkono juu, hasira zikaanza kunipanda: huyu naye anangoja nini? Nikageuka kumkaripia. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Hapo iliniuma. Iliniuma tumboni, kifuani, mikononi, kila mahali palipokuwa pamekufa ganzi, nikalia kwa sauti kubwa, huku boti likichukuliwa na maji kidogo kidogo kutoka ukingoni.

Charo aliingia mtoni na suruali yake, akalishika. Wala hakutaja habari ya petroli.

"Shemeji," akasema, "kashike mota. Mimi nikae hapo mbele?"

Nikajifuta uso kwa leso iliyochanika. Nikahamia nyuma.

"Vua viatu," nikamwambia. "Na usiongee, utafukuza ndege."