Mkanda Tumboni mwa Baba

Asubuhi nilikuwa nachuja supu. Nilikuwa nimesimama jikoni na kile kichujio kidogo cha chai, maana kile kikubwa mama aliondoka nacho alipoenda kumuuguza bibi, na supu ilikuwa inashuka tone tone kama haitaki. Baba alipita nyuma yangu mara tatu. Mara anatafuta mkasi, mara soksi, mara hatafuti kitu.

"Bado tu, mama?"

"Bado kidogo, baba."

"Basi acha. Nitakula huko huko."

Huko huko wapi? Karakana hakuna supu ya kuchujwa. Nilitaka kusema hivyo, lakini maneno yangu mimi huwa yanafika mdomoni yanarudi. Nilipomaliza kufunga flaski, pikipiki ilishatoka getini.

Baba anatengeneza makochi. Mbao si kazi yake, mbao anapiga Fundi Mbao, rafiki yake tangu hawajaoa. Baba anavalisha: sponji, kitambaa, vifungo. Ila kilichompa jina ni kitu kingine. Kochi likiisha, mteja anaitwa, na baba analikalia mbele yake. Hakai kistaarabu. Anajitupa, enzi zile na kilo zake mia na hamsini na ushee, halafu anahama kona hadi kona. Kochi likinyamaza limeuzwa, likilia linarudi kwa Fundi Mbao. Ndiyo maana wanamwita Tani. Watu wanatoka mbali wanauliza, "Hili Tani kalikalia?"

Lakini nyumbani Tani alikuwa analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakatika. Sukari ikapanda, magoti yakagoma. Miezi minane iliyopita daktari akampasua, akamfunga mkanda kwa ndani. Ni kama pete ya mpira laini, inabana mfuko wa chakula kule juu, chakula kidogo tu kinamshibisha. Chini ya ngozi kuna kikopo kidogo. Nesi akiongeza maji kwa sindano mkanda unabana, akiyatoa unalegea.

Tuliojua nje ya hospitali ni mama na mimi. Kazini baba aliaga kwamba anaenda kupasuliwa ngiri.

Mama alipoondoka, mimi ndiye nikawa namsindikiza kliniki. Kule wanawake wenye mkanda wanapiga soga hadi nesi anawanyamazisha. Wanaume wako wanne watano, kila mmoja kaacha kiti kati yake na mwenzake, wanapokezana gazeti moja la wiki iliyopita. Kuna dereva mmoja wa lori mkewe anajua yuko safarini. Nilimuuliza baba kwa nini asimwambie hata Fundi Mbao peke yake.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanaume mzima kashindwa kufunga mdomo, kaenda kufungwa na daktari?"

Alhamisi hii aliongezewa maji. Nesi akasema siku tatu ni supu nyepesi tu, kitu kigumu hapana. Halafu akanigeukia mimi, maana baba alikuwa keshaanza kufunga vifungo vya shati anataka kuondoka. "Kitu kikikwama, asishushie na chochote. Si maji, si chakula. Mlete hapa."

Leo ni Jumamosi. Siku ya tatu yenyewe. Kwa hiyo nikatia flaski kwenye mfuko mweusi, nikaenda karakana, karibu nakimbia.

Sipendi kwenda kule. Wanaume wale wakishakuona wanataka uongee. Tena tangu baba apungue, kilo arobaini kwa miezi minane, wamekuwa wakinitazama kama mimi ndiye ninaficha cheti chake cha hospitali. Mwezi uliopita Fundi Mbao alinivuta pembeni. "Mwanangu, baba yako anaumwa nini hasa? Ngiri haimkaushi mtu namna hii. Niambie mimi, mimi ni baba yako mdogo." Nilitazama viatu vyangu mpaka akachoka.

Nilimkuta baba yuko juu ya kochi. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekuja kukagua makochi yake sita. Baba akajitupa, kochi likanyamaza. Akahama kona, kimya.

"Linanyamaza, lakini amekaa nani?" akasema Mzee Vanishi, yule anayepaka rangi, brashi iko hewani. "Siku hizi hata paka akikaa litanyamaza."

Wakacheka. Yule mama naye akacheka, ila akalikalia mwenyewe kuhakikisha. Nilimwona baba anavuta suruali juu.

Chakula kikaja wakati huo huo, wali na nyama kwenye sahani kubwa moja, wakakaa kuizunguka juu ya vipande vya mbao. Niliinua mfuko kidogo baba auone. Akatikisa kichwa. Nikauficha nyuma ya marobota ya sponji, nikabaki nimesimama hapo sijui mikono yangu niiweke wapi.

"Tani, leo unakula na sisi," Fundi Mbao akamwambia. "Kila siku tumbo, tumbo. Tangu lini wewe ukaogopa nyama?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na tangu umefika hapa hujatia kitu mdomoni? Au kuna jambo unatuficha?"

Mikono yote ikasimama. Aliuliza kama anatania, lakini hakuwa anatania, na kila mtu alijua. Baba akachukua nyama.

Nesi amemfundisha kutafuna mara ishirini, tena nyama laini, tena si wiki hii. Nilihesabu. Alifika tisa, akameza, kwa sababu walikuwa wanamtazama. Akachukua kipande cha pili, akafika saba.

Halafu akaacha kusogea. Akaweka mkono katikati ya kifua. Mate yakaanza kumjaa, akainama akayatema pembeni, yakajaa tena, mazito kama ute wa yai. Jasho likamtoka hadi kwenye masikio.

"Mfupa huo," Mzee Vanishi akasema.

"Mpigeni mgongoni."

"Hapana, hapana. Mfupa unasukumwa na wali." Fundi Mbao alishaanza kufinyanga tonge, kubwa, la kujaa kiganja. "Tani, meza hili usilitafune. Litaondoka nao."

Hata bibi hufanya hivyo. Nadhani kila mtu aliyelelewa na bibi anajua tonge la kusukuma mfupa. Mzee Vanishi akaja na kikombe cha maji. Mimi nikamtazama baba nikingoja akatae. Angetikisa kichwa tu, ingetosha. Akanitazama, na macho yake yakaniambia ninyamaze. Kisha akafungua mdomo.

Yaani angelimeza. Mbele ya wale watu angelimeza lile tonge.

"Msimpe," nikasema. Hakuna aliyesikia, hata mimi sikuisikia vizuri sauti yangu.

Nikampiga Fundi Mbao mkono. Mtu mzima, baba yangu mdogo, nikampiga mkono na tonge likapasuka kwenye kochi jipya.

"Si mfupa. Ana mkanda tumboni. Daktari alimfunga apungue, nyama imekwama juu yake, mkisukuma mtamuua. Hakuwa na ngiri. Hajawahi kuwa na ngiri."

Hiyo ya ngiri haikuwa na ulazima. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefunguka na sikujua unafungwaje. Yule mama wa nyumba ya wageni alikuwa bado yuko pale, ameshika mkoba wake.

Fundi Mbao hakufuta hata mkono. Alimshika baba kwapani, tukamweka mbele kwenye pikapu ya karakana, miguu ya meza ikiwa bado nyuma. Njia nzima baba alitemea kwenye kopo na kutazama dirishani. Hospitali nesi akamchoma sindano, akayatoa maji yote ya mkanda, baada ya muda baba akatapika, akapumua. Wakasema atalala huko hadi kesho wamwangalie.

Tukakaa kwenye benchi la nje. Fundi Mbao alikuwa bado ana wali uliokauka kwenye vidole.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane nimekuwa nikimzika kichwani. Nimeshapanga hadi nitakachomwambia mama yako msibani. Halafu mimi mwenyewe ndiye ninampa nyama." Akajaribu kucheka. "Mkanda. Angesema tu, ningemtania wiki moja nikachoka."

Niliporuhusiwa kuingia, baba alikuwa amegeukia ukuta. Nikamsalimu. Nikamuuliza kama maumivu yamepungua.

"Nenda nyumbani," akasema.

Hakusema mama. Kila siku huwa ananiita mama.

Niliporudi nilipita karakana kuchukua mfuko. Mzee Vanishi alikuwa anasugua wali kwenye kitambaa cha kochi kwa maji ya sabuni, doa linazidi kutanuka. "Kwa hiyo sasa nani atakuwa anakaa?" akaniuliza, taratibu, kama swali la kawaida la kazi. Nikachomoa mfuko wangu nyuma ya marobota, nikaondoka.

Nyumbani hapakukalika. Nimefagia sebule, nimefagia tena. Nimemwandikia baba ujumbe nikaufuta. Wa kwanza ulikuwa mrefu na una samahani sita. Wa pili ulikuwa unamlaumu. Saa moja jioni nikatuma huu:

*Baba, najua ulitaka ninyamaze. Nilikuona. Nisingeweza. Umenuna au umelala?*

Saa moja na dakika nane alama za ujumbe kusomwa zikageuka bluu. Kwa hiyo hajalala. Nimeiweka simu juu ya meza, nimeigeuza, nimeigeuza tena. Sasa ni saa tatu kasoro robo.