Alichoandika Absalom Kuhusu Mursik ya Linah

Absalom Makokha aliuza dawa za mifugo, na kazi hiyo ilimfanya ale chakula cha mchana hotelini siku tano kwa wiki. Jumatatu alikuwa Kitale, Jumanne Kimilili, Jumatano Chwele, na siku zilizobaki Bungoma, alikoishi na mkewe Phelista. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mnene kidogo, mtu asiye na haraka mezani. Miaka sita nyuma alianza kuandika Facebook juu ya vyakula alivyokula, mwanzoni kwa marafiki tu. Kufikia mwaka huu ukurasa wake, Sahani ya Makokha, ulisomwa na watu elfu kumi na moja, na wengi wao hawakuingia hoteli ngeni bila kuangalia kwanza amesema nini.

Walimwamini kwa sababu hakupamba. Kuhusu kuku wa Nasimiyu pale Kanduyi aliandika: "Utasubiri saa nzima. Subiri. Kuku wa kienyeji anayekufikia kwa dakika kumi amepikwa jana." Kuhusu hoteli moja ya ghorofa Kitale: "Pilau yao ni wali uliopakwa rangi." Kuhusu kibanda kimoja Chwele, siku ya soko: "Matumbo yameoshwa na mtu anayejua kuosha. Niliongeza." Hakukubali chakula cha bure, hakujitambulisha, na hakuandika chochote kabla ya kula mahali mara mbili, siku mbili tofauti. Sheria hiyo ya mara mbili aliitungia mwenyewe, na alijivunia kwamba hajawahi kuivunja.

Mwezi wa tatu alishikwa na homa kali, akalala siku tisa. Alipopata nafuu akarudi barabarani. Chakula kilikuwa hafifu kila alikoenda, lakini alijiambia kwamba ni kiangazi, ng'ombe hawana majani, mboga zimekauka, wapishi nao wamechoka. Ulimi ulisikia chumvi na sukari kama kawaida, kwa hivyo hakuwaza zaidi.

Ndipo akaingia kwa Linah Cherop.

Hoteli ya Linah ilikuwa Kitale, upande wa maghala ya mahindi, chumba kimoja chenye meza saba na madirisha yaliyofutwa vizuri. Linah, mama wa miaka arobaini hivi, alipika ugali wa wimbi, nyama ya kuchemsha, na mboga ya isagek, yaani mgagani, iliyolazwa kwenye maziwa. Lakini watu walimwendea kwa ajili ya mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa. Mamake aliitengeneza huko Saboti na kumletea vibuyu kila wiki.

Absalom alikula hapo Jumatatu ya kwanza, akanywa kikombe cha mursik, akaona si kitu. Jumatatu iliyofuata alirudi, akanywa tena, akiizungusha mdomoni polepole. Ilikuwa nzito, chachu, na zaidi ya hapo hakupata kitu. Moshi ule anaoufahamu tangu alipokuwa mtoto akicheza na majirani Wasabaot haukuwepo. Alitazama ndani ya kikombe na kuona chembe za makaa zikielea kama kawaida. Jioni, akiwa kwake, aliandika: "Kwa Linah, Kitale. Mursik ni maziwa ya pakiti yaliyoachwa yachache, halafu yakanyunyiziwa vumbi la makaa ili kudanganya macho. Nimekunywa mara mbili ili nihakikishe. Pita."

Watu mia tatu waliisambaza. Mmoja akaandika, "Asante kwa kutuonya."

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Phelista alienda kanisani mapema kwa mkutano wa kina mama, akamwachia Absalom sufuria ya maharagwe motoni ayaangalie. Absalom aliketi kwenye stuli kando ya jiko, gazeti mkononi, akasoma habari za bei ya mbolea mpaka mwisho. Phelista alirudi, akafungua mlango kwa nguvu, akaipita stuli yake na kuiondoa sufuria motoni kwa kutumia leso.

"Baba Joy, unafanya nini?"

"Nasoma."

"Nyumba imejaa moshi. Nimesikia harufu nikiwa kwa lango la akina Wafula."

Absalom akainua macho. Kweli, hewa ya jikoni ilikuwa ya bluu. Maharagwe yalikuwa meusi, yameshikana na sufuria. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo.

Phelista akaiweka sufuria chini. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini, na alijua kumpima mtu bila kumwaibisha. "Funga macho," alisema. Akakata kitunguu, akakiweka chini ya pua yake. "Ni nini?"

"Hujaleta kitu bado."

Akaleta sabuni ya kufulia. Akaleta kitambaa alichokilowesha kwa mafuta ya taa. Absalom alivuta pumzi kila mara, kwa bidii, kama mtu anayeitika jina, na kila mara akatikisa kichwa.

"Tangu lini?" Phelista aliuliza.

Absalom akafungua macho, akakiona kitambaa na kitunguu mbele yake. Alikuwa akihesabu wiki kurudi nyuma mpaka kwenye ile homa, na kila hoteli aliyoipita katikati. "Tangu nitoke kitandani," alisema. Halafu akasema, "Phelista, nimemchafulia mtu jina."

Kesho yake alimwona Ian, daktari kijana wa kliniki moja Kitale, ambaye alimwangalia puani kwa tochi na kumweleza kwamba baadhi ya homa huharibu mishipa ya kunusa. Harufu inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza isirudi. Ulimi wenyewe, alisema, hujua chumvi, sukari, uchachu na uchungu tu. Mengine yote ambayo watu huyaita utamu ni kazi ya pua.

Absalom aliketi ndani ya gari lake nje ya kliniki, akafuta maandishi yote aliyoyatoa tangu homa. Yalikuwa manne. Mahali pao akaweka mstari mmoja: "Nimeondoa baadhi ya maoni yangu kwa sababu zisizozuilika. Samahani kwa usumbufu." Akausoma mara mbili, ukamtosha. Kisha akaendesha gari mpaka kwa Linah.

Ilikuwa saa sita na nusu, saa ambayo zamani hoteli ile ilikuwa ikijaa. Meza mbili tu zilikuwa na watu. Linah alikuwa akipangusa vikombe. Absalom alimwendea kaunta, akasema jina lake.

"Nakujua," Linah alisema. "Uliketi ile meza ya dirisha. Mara mbili."

Absalom akamweleza yote, homa, maharagwe, kitunguu, daktari. Linah aliendelea kupangusa vikombe, akaviinamisha kimoja kimoja juu ya kitambaa. Alipomaliza, alitoa simu kwenye aproni na kumwonyesha ule mstari wake mpya.

"Hizi sababu zisizozuilika ni gani?"

"Ni hiyo ya pua."

"Hapa haujasema pua. Mtu akisoma hapa atasema nimekuhonga, ama nimekutisha." Alisema bila kupandisha sauti. "Lakini mimi ni mtu wa biashara. Maneno ya watu nimezoea. Mama yangu ndiye hajazoea. Mtoto wa ndugu yangu alimsomea kile uliandika, na tangu hapo mama hajatengeneza mursik tena. Vibuyu amevipanga kwa ukuta, vikavu. Mimi kila Jumamosi namwambia tuendelee, ananiambia nitafute maziwa ya pakiti, si ndiyo watu wanataka."

"Naweza kumwona?"

Linah alimwelekeza njia. Hakumkaribisha chakula, wala Absalom hakutarajia.

Alienda Saboti siku hiyohiyo. Chepkemei, mamake Linah, alikuwa shambani akipalilia viazi, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na sweta la kijani. Alimsikiliza akijitambulisha, akalichomeka jembe ardhini, na kumtangulia mpaka kwenye ua. Akampa kiti. Yeye mwenyewe akakaa juu ya mtungi wa maziwa uliofunikwa.

"Soma hiyo kitu uliandika," alisema.

"Mama, nimeifuta."

"Lakini unaikumbuka."

Absalom aliikumbuka. Aliisema yote, neno kwa neno, na sauti yake ikawa ngeni masikioni mwake. Alipofika kwenye "yakanyunyiziwa vumbi la makaa", Chepkemei alimsimamisha kwa mkono.

"Hapo. Nani ananyunyiza makaa?" Hakuwa akigomba. Alikuwa akiuliza kama mtu anayetaka kuelewa kosa limeingilia wapi. "Mimi nakata mti wa senetwet huko juu, nachoma, natia moto ndani ya kibuyu, nasugua na kijiti mpaka mkono unauma. Kibuyu kimoja asubuhi nzima. Nimefanya hivyo tangu niolewe. Kanisani kuna mama mmoja aliniuliza, ati Chepkemei, siku hizi unanunua kwa duka? Alikuwa anacheka tu. Lakini aliuliza."

"Nilikosea, mama. Pua yangu imekufa na sikujua."

"Sasa unakula kwa kuangalia tu?"

"Karibu hivyo."

"Pole," alisema, na ilionekana anamaanisha. "Hiyo ni ugonjwa, na ugonjwa si makosa. Lakini wale watu uliwaambia mimi ni mwongo, wanajua uko mgonjwa?"

Njia nzima kutoka Kitale Absalom alikuwa akikwepa swali hilo. Mtu anayewashauri watu elfu kumi na moja wale wapi, halafu aandike kwamba hanusi hata mafuta ya taa. Nani atamsoma tena? Aliupenda ukurasa ule. Kwenye maduka ya dawa za mifugo alikuwa muuzaji kama wauzaji wengine, lakini mezani alikuwa Makokha.

"Hawajui," alisema.

"Basi waambie. Mimi sina haraka, viazi haviendi mahali."

Akaandika pale pale, akiwa ameinamia simu, kuku wakipita kati ya miguu yake. Aliandika kwamba tangu mwezi wa tatu hana uwezo wa kunusa. Kwamba mursik ya Linah Cherop inatengenezwa na mamake, Chepkemei, kwa vibuyu vilivyosuguliwa kwa makaa ya senetwet, na kwamba chembe alizoziona kikombeni zilikuwa ushahidi wa kazi hiyo, naye akazigeuza kuwa ushahidi wa uongo. Kwamba kula mara mbili hakukusaidia, kwa sababu alikuwa mgonjwa mara zote mbili. Akamsomea Chepkemei. Yeye akamwambia atoe neno "huenda", akalitoa. Mtandao ulikuwa dhaifu, wakasubiri pamoja mpaka ujumbe ulipoondoka.

"Imeenda?"

"Imeenda."

Chepkemei akainuka, akarudi kwenye viazi vyake. Jumamosi iliyofuata alimpelekea Linah vibuyu viwili, na wiki iliyofuata vinne.

Wateja wa Linah walirudi polepole, si wote. Walimu wa shule moja waliokuwa wakimwagiza chakula cha sherehe walikuwa wameshapata mpishi mwingine. Linah alimweleza Absalom jambo hilo alipopita kumsalimu, akasema lilivyo bila kumlaumu. Absalom alinunua chai, akainywa, akaosha mikono, akaenda. Tangu siku hiyo alipita kila Jumatatu, na kufikia mwezi wa sita Linah alianza kumwita Baba Joy.

Ukurasa ulipungua. Watu elfu mbili waliondoka. Wengine walimwita mkaguzi bila pua, na kwa wiki tano Absalom hakuandika kitu. Aliyemrudisha ni Phelista. Siku moja ya malipo walikwenda kula samaki Bungoma, na Absalom alikuwa ametulia mbele ya sahani yake kama mtu aliyepelekwa hospitali kuona mgonjwa.

"Huyu ametiwa ndimu nyingi kupita kiasi," Phelista alisema, akitafuna. "Ukiona ndimu hivi, kuna kitu wanaficha. Ugali ni mzuri. Nyanya hazijaiva kwenye mchuzi, zimepashwa moto tu."

Absalom akatoa simu. "Rudia hapo kwa nyanya."

Walipokwisha kula hapo mara ya pili, aliandika yale ya Phelista kwa jina la Phelista. Chini yake akaandika yake, yale anayoweza kuyaona mwenyewe: kwamba maji ya kunawa yalikuwa ya uvuguvugu na sabuni ipo, kwamba mzee mmoja aliyeagiza chai na andazi moja tu alipewa meza nzuri, na mhudumu akamwita baba, kwamba ugali ulifika mezani ukitoa mvuke. Hakuwahi kuandika mambo hayo miaka yote sita. Alikuwa akiyapita ili afike kwenye ladha.

Mwezi wa tisa, akijaza mafuta Kanduyi, kitu kikali kilimgusa ndani ya pua kwa sekunde moja kisha kikapotea. Alimwomba mhudumu amsogezee bomba tena. Hakupata kitu. Alimweleza Phelista jioni, naye akamwambia asijipe haraka.

Siku hizi Jumamosi wanatoka wawili. Wanakwenda Webuye, Kimilili, wakati mwingine mpaka Kitale. Phelista hapendi kuandika, anasema tu. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliuliza chini ya ukurasa kama mama anaweza kwenda kuonja chapati za hoteli fulani karibu na soko, maana yeye na mumewe wameshindwa kukubaliana. Absalom alimsomea Phelista swali hilo. Phelista akauliza chapati zenyewe zinapikwa saa ngapi, ili wafike zikiwa moto.