Mama Nunziata Asimama Kanisani

Ersilia alikuwa anakanda unga wa pizza za mchana Cosimo alipoingia jikoni mwa mgahawa wake bila hodi, suti ya kijivu mwilini, viatu vinang'aa. Walizaliwa kijiji kimoja milimani Calabria, nyumba zao zikitazamana. Baba yake Cosimo alikuwa akiachia ng'ombe wake waingie kwenye mizabibu ya watu. Aliyethubutu kuwafukuza aliamka akakuta mizeituni yake imekatwa. Nguvu za ukoo wao wa kihalifu zilianzia hapo, kwenye malisho. Miaka ishirini na sita iliyopita Ersilia alipanda treni kwenda Ujerumani, akaapa hatamwinamia tena mtu wa ukoo ule.

Lakini walimfuata. Yalianza mafuta ya zeituni, yakaletwa mlangoni bila kuagizwa. Ikaja divai, ikaja jibini. Yote yalikuwa mabovu na ghali. Ersilia alinunua, akanyamaza.

"Leo sikuuzii kitu, dada," Cosimo alisema, akijimegea kipande cha mkate. "Naomba nafasi tu. Jumatatu ijayo yanakuja makopo ya nyanya kutoka bandarini. Yatakaa ghalani kwako siku mbili, basi."

"Nyanya za wapi?"

"Amerika ya Kusini."

"Tangu lini mtu wa Calabria akaagiza nyanya Amerika ya Kusini?"

Cosimo alicheka. "Una akili tangu utotoni. Unga ni unga, dada. Wewe una wako, mimi nina wangu."

"Ninaoujua mimi ni wa ngano."

Cosimo akajipangusa makombo mikononi polepole. "Nilimwona mama yako kijijini majuzi. Bado anapanda zile ngazi za mawe peke yake? Kwa umri ule, kuteleza ni jambo la dakika moja."

Alipoondoka, Ersilia alikaa juu ya gunia la unga. Kisha akampigia mama yake simu, akamweleza kila kitu, hata yale mafuta aliyomficha miaka miwili. Mama Nunziata alikuwa na miaka sabini na minane. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Cosimo, mtoto wa Peppa, ndiye kasema hivyo?" aliuliza. "Yule aliyejikojolea kwenye maandamano ya Bikira Maria, mbele ya askofu?"

"Mama, si mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Nafunga sanduku."

Ijumaa akashuka kituoni na sanduku lililofungwa kwa kamba. "Alitaka kujua kama bado napanda ngazi," alimwambia bintiye. "Sasa nimepanda na treni."

Jumamosi nzima bibi yule alizunguka mjini. Kila mgahawa wa Kiitaliano aliingia mpaka jikoni, eti anatafuta choo, na karibu kila jiko alikuta madebe yaleyale ya mafuta. Hakumwambia bintiye alichokiona. Jumapili, misa ya Waitaliano ilipofika kwenye matangazo, akasimama.

"Mimi ni Nunziata, mama yake Ersilia. Binti yangu analazimishwa kununua mafuta mabovu, na sasa anatakiwa kuficha dawa za kulevya. Nauliza: kuna mwingine?"

Ersilia alitamani sakafu immeze. Padre alisimama na karatasi yake mkononi. Watu wakatazama viatu vyao. Kisha Liborio, mwenye duka la aiskrimu ng'ambo ya barabara, akakohoa na kunyoosha mkono. Ersilia aliduwaa. Miaka yote ile alimwogopa Liborio, akidhani ni mtu wa ukoo ule.

"Na mimi nilidhani hivyohivyo kuhusu wewe," Liborio alimwambia baadaye pale uani, macho yamemlowa.

Siku ile ilinyooshwa mikono minane, ukiwemo wa Ersilia. Alasiri hiyohiyo walikwenda polisi, wote pamoja, Mama Nunziata mbele. Mmoja alirudia njiani, kwa kuwa dada yake alikuwa angali kijijini. Hakuna aliyemlaumu, na katika kanisa lote hakuna aliyempelekea Cosimo habari.

Mpelelezi aliyewapokea, mwanamke mrefu aitwaye Anke, aliweka kalamu chini walipomaliza.

"Wenzetu wa Italia wanakijua kijiji," alisema. "Sisi tunaijua bandari. Hapa katikati hakuna mtu aliyewahi kufungua mdomo. Mnajua tumesubiri miaka mingapi?"

Jumatatu, kama Anke alivyomwelekeza, Ersilia alipokea makopo, akatia saini. Jumatano mchana Cosimo alikuja mwenyewe na lori, kwa vile mzigo kama ule hakumwamini nao mtu. Polisi walimkamata mlango wa ghala ukiwa wazi. Akiwa na pingu mikononi, akamwona bibi kizee amesimama kando ya jiko.

"Mama Nunziata? Umefikaje huku?"

"Nimeteleza, mwanangu," alimjibu. "Nikaangukia hapa."

Haikuwa bure. Baada ya wiki mbili mlango wa nyumba ya Mama Nunziata kijijini ulichomwa moto. Ersilia alilia, akajiona yeye ndiye aliyemponza mama yake. Lakini kesho yake ikaja picha kwenye simu: majirani wanne, watu waliozoea kufunga madirisha yao wakisikia kelele, wanasugua masizi ukutani mchana kweupe. Seremala wa kijiji alikuwa ameleta mlango mpya.

Kesi ilipoanza majira ya kuchipua, mashahidi wote saba walifika mahakamani. Gazeti moja liliandika habari yao. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, simu ya mgahawa ililia. Alikuwa mwanamume anayezungumza lahaja ya kwao, kutoka Ubelgiji. Alisema ana mgahawa.

"Nakusikia, kaka," Ersilia alisema.

"Na mimi wananiletea," mtu yule alisema kwa sauti ya chini. "Ninyi mlianzaje?"

Ersilia alifunika simu kwa kiganja, akamwita mama yake, kisha akamvutia kiti.