Mgonjwa wa Mama

Mama alinisahau mimi kwanza. Mimi ninayemwogesha na kumlisha ananiita "dada wa hospitali", na chai ikichelewa huuliza kama mkubwa wangu wa kazi anajua. Lakini mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba hii, anayekuja mara moja kwa wiki mikono mitupu, akichungulia tu mlangoni mama anachangamka. "Kitinda wangu!" Basi, siku imekwisha. Roho ilikuwa inaniuma, sitaki kudanganya, ila furaha ile hata mimi nilikuwa naisubiri.

Mvua zilipokaribia, Kitinda akaezeka upya chumba cha mama. Yeye ni fundi wa mabati. Alishinda juu bila kofia, mabati mapya yakimrudishia jua usoni. Kesho yake uso ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira, macho hayaonekani, midomo haikutani. Tabibu wa zahanati alisema dawa za kifua alizokuwa akimeza zinaifanya ngozi isistahimili jua. Akambadilishia dawa, akampa na ya kupaka, akamwambia akae kivulini, uvimbe utashuka wenyewe.

"Lini?"

"Utashuka tu."

Alipofika kwetu nilimtania mlangoni, "Umebusu mzinga wa nyuki?" Akajaribu kucheka, midomo ikamgomea. Mama alimwona akavuta shuka hadi kidevuni.

"Nani huyu?"

"Mimi, mama. Kitinda." Hata sauti ilitoka nzito.

"Kitinda nimzae mimi, halafu nisimjue? Usinichezee, baba. Dada, mtoe."

Nikamtoa. Aliegemea ukuta wa nje akalia, na machozi yakamchoma pale ngozi ilipobanduka.

"Dada," akasema, "wewe unaishije hivi kila siku?"

Nilimpa kitambaa ajifute.

Ule uvimbe haukuwa na haraka. Jioni unapungua, asubuhi umerudi. Kwa kuwa hakuweza kupanda paa la mtu, Kitinda akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango asije akamtisha mama. Siku moja mama mwenyewe akamwita.

"We mgonjwa, sogea hapa."

Akaniagiza maji baridi na kitambaa, akamkanda uso taratibu, huku akimpuliza. "Pole, baba. Pole." Tangu hapo ikawa kazi yake. Akiamka tu, anamuulizia mgonjwa wake. Akimkanda humsimulia habari za mwanawe, alivyokuwa akikimbia kinyozi, alivyo na uso mwembamba kama wa baba yake.

"Ukipona nitakukutanisha naye. Mtapatana."

"Ndiyo, mama," Kitinda anaitikia, kichwa chini.

Akitoka hapo anapitia kwenye kioo cha jikoni, anabonyeza mashavu. "Ukishuka tu, dada, atanijua." Nami niliamini. Sijapata kuombea uso wa mtu namna ile.

Ukashuka. Alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati la bluu ambalo mama hulisifu. Uso wake ule ule, ngozi changa kidogo tu puani. Akavua kofia, akachungulia mlangoni kama zamani, mimi nyuma yake.

Mama alimtazama vizuri, akatabasamu kwa adabu. Adabu ile naijua.

"Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi."

"Samahani, macho yangu siku hizi." Alikuwa ameshika kitambaa, kimeshalowekwa, na anachungulia nyuma yetu. "Hukumwona mgonjwa wangu huko nje? Leo amechelewa, maji yanapoteza ubaridi."

Kitinda alirudisha kofia kichwani. "Ngoja nikamwite, mama."

Nilidhani amekwenda kulia. Nilimkuta uani, ameketi juu ya mabati yaliyobaki, kofia ameitupa chini, amefumba macho na kuliinulia uso jua la saa tisa. Nikamvuta mkono, akagoma.

"Una wazimu? Inuka!"

"Niache kidogo, dada. Ananisubiri."

Sikuwa na nguvu za kumbeba. Nikasimama kati yake na jua, kivuli changu kikamfunika uso. Mama akaita kutoka dirishani, "Dada wa hospitali! Amekuja?"

"Bado, mama," nikajibu.